Hata Kisichoonekana Kina Kwao

Najua ukifungua jarida hili la Chama chetu cha Kiswahili unatafuta mashairi, vitendawili na vichekesho. Mimi leo nakuletea habari za viumbe wasioonekana kwa macho, wanaoishi ndani ya mimea ambayo watu huikanyaga bila kuitazama, katika visiwa visivyo na mwenyeji hata mmoja. Rafiki yangu tunayeketi dawati moja aliponiuliza ninaandika kuhusu nini, nikamweleza, alicheka mpaka akajishika mbavu. "Umekosa la kuandika?" akaniuliza. Nikamwambia, "Ngoja usome kwanza." Basi nawe pia, tafadhali ngoja usome kwanza.

YALIVYOANZA

Mambo yote yalianzia nyuma ya tangi la maji la shule. Sisi wa shule ya kutwa twalijua vizuri tangi lile, maana ndipo tunapopanga foleni na vikombe wakati wa chakula cha mchana. Mfereji wake ulikuwa ukivuja tangu nilipoingia kidato cha kwanza, na ukuta ulio chini yake ulikuwa umetandwa na kitu cha kijani, laini kama zulia, kilichowatelezesha watu ovyo. Kitu hicho si uchafu. Ni mmea kamili, mfupi sana, usio na maua wala mizizi ya kweli, ambao huota penye unyevu: juu ya mawe, kuta, mapaa na magome ya miti. Katika makala haya nitauita kuvumwani.

Siku moja katika muhula wa pili, mwalimu wetu wa bayolojia alituambia tubandue kipande cha kuvumwani ile, tukikamue, na tone la maji yake tuliweke chini ya hadubini. Hadubini tunayo moja tu, na sisi tuko hamsini na wawili, kwa hivyo kila mtu alipewa muda wa kuhesabu hadi kumi. Zamu yangu ilipofika, mwanzoni niliona takataka tu. Nilipofika saba, lo! Kijidude cha rangi ya dhahabu iliyochanganyika na kahawia, chenye umbo la mtumbwi, kilipita mbele ya jicho langu kikiteleza polepole. Hakikuwa na mkia, wala miguu, wala kasia. "Kinaenda!" nikapiga kelele. Mara nikasukumwa kando, kumi ilikuwa imefika.

"Mwalimu, kile kinaitwaje?" nikauliza.

"Hiyo ni diatomu," akajibu. "Lakini ni diatomu gani, usikimbilie kuipa jina. Wataalamu wakubwa waliwahi kukimbilia, wakakosea kwa zaidi ya miaka mia moja."

Jibu hilo halikuniacha nilale. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nami nimeuliza na kusoma tangu siku hiyo. Haya ndiyo niliyoyapata.

DIATOMU NI NINI?

Diatomu ni mwani mdogo wa seli moja tu. Kama mimea, hujitengenezea chakula kwa nuru ya jua, yaani kwa usanisinuru, na kutoa oksijeni. Usiidharau kwa udogo wake. Diatomu zote duniani zikiwekwa pamoja, nyingi zikiwa za baharini, hufanya karibu sehemu moja kwa tano ya usanisinuru wote wa dunia. Kwa hivyo pumzi unayoivuta ukisoma ukurasa huu, kwa sehemu fulani ni kazi yao.

Kinachozitofautisha na mwani mwingine ni nyumba yake. Kila diatomu huishi ndani ya gamba la silika. Wapenzi wa Kiswahili msinielewe vibaya: sisemi silika ya mtu, yaani tabia aliyozaliwa nayo. Nasema madini yaitwayo silika, yaleyale yaliyomo ndani ya mchanga na ambayo hutengenezea kioo. Kwa ufupi, diatomu hukaa ndani ya nyumba ya kioo. Nyumba yenyewe ina vipande viwili, kimoja kikubwa kidogo kuliko kingine, vinavyofunikana kama kopo na kifuniko chake. Juu yake mna mistari na vitundu vilivyopangwa kwa utaratibu ambao hata fundi wa kuchonga milango ya Lamu angeusifu. Kila spishi ina nakshi yake. Nyingi kati ya zile ziishizo kwenye kuvumwani hazifiki sehemu moja ya ishirini ya milimita. Chukua rula yako, tazama milimita moja, kisha uigawe mara ishirini kama unaweza!

Zile zenye umbo la mtumbwi aghalabu huwa na ufa mwembamba katika gamba. Kupitia ufa huo hutoa ute, na ute huo ndio unaozitelezesha. Hiyo ndiyo siri ya mtumbwi wangu usio na kasia.

Diatomu ikitaka kuongezeka hujigawa mara mbili. Kila mtoto hurithi kipande kimoja cha kopo na kukifanya kifuniko, kisha hujitengenezea kipande kidogo cha kuingia ndani yake. Maana yake ni kwamba aliyerithi kile kidogo atakuwa mdogo kuliko mzazi, na mjukuu atakuwa mdogo zaidi. Je, hazitakwisha? La. Zikishapungua mno, huzaana kwa njia ya kijinsia, na hapo hutokea seli mpya kubwa inayoanza safari upya.

Diatomu ikifa, gamba lake la kioo halioza upesi. Ukifika Kariandusi, karibu na Gilgil, utaona udongo mweupe mwepesi unaochimbwa. Udongo huo ni magamba ya diatomu zilizoishi katika ziwa la kale, yakarundikana mpaka yakawa mlima. Haba na haba hujaza kibaba, lakini hapa imejaza bonde.

VISIWA VYENYEWE

Sasa tusafiri, maana wakaaji niliowaahidi hawako Gilgil. Ukisimama ufukweni Mombasa, ukatazama kusini, bahari hiyo hiyo ya Hindi huendelea mpaka mahali ambapo hakuna minazi wala joto. Huko kusini kabisa, kati ya latitudo 46 na 50, mna visiwa vya Marion, Crozet na Kerguelen. Marion ni vya Afrika Kusini, na hivyo vingine ni vya Ufaransa. Ni visiwa vilivyotokana na volkano, vimetengana na nchi nyingine kwa maelfu ya kilomita za maji, na upepo wake hauna mapumziko. Mabaharia wa zamani waliziita latitudo zile "arubaini zinazonguruma". Wastani wa halijoto ya mwaka ni kama nyuzi 5 za Selsiasi, baridi ya ndani ya friji. Miti haioti. Binadamu walioko ni watafiti na wafanyakazi wachache wanaopokezana zamu. Wenye mji ni pengwini, albatrosi na sili.

Crozet na Kerguelen zilionekana na Wafaransa mwaka mmoja, 1772. Nahodha Yves-Joseph de Kerguelen aliona nchi kwa mbali katika ukungu, akarudi kwao na kumwambia mfalme kwamba amepata nchi nzuri ya kusini. Alipotumwa tena, kumbe ni mawe, barafu na upepo! Mambo yakamharibikia, na mwishowe akashtakiwa na kufungwa. Mwaka 1776 Mwingereza James Cook alifika huko, naye akaona ni kisiwa cha ukiwa tu. Yaani mmoja alitangaza utajiri ambao haukuwako, na mwingine hakuona kitu. Wa kwanza alitazama kwa mbali tu.

Aliyetazama kwa karibu alikuja mwaka 1840. Alikuwa kijana Joseph Hooker, daktari na mpenzi wa mimea, aliyefika Kerguelen na meli za James Clark Ross wakati wa baridi kali. Mimea midogo aliyoitaka ilikuwa imegandamana na barafu juu ya miamba. Unajua alifanyaje? Nyingine aliing'oa kwa nyundo, na nyingine aliikalia mpaka barafu ikayeyuka! Hebu fikiria, mtu msomi amekalia barafu kwa ajili ya mmea usiozidi ukucha. Hooker pia alikusanya vitu vyenye diatomu, na zikapelekwa kwa Mjerumani Christian Ehrenberg, ambaye aliziangalia kwa hadubini na kuandika habari zake katika miaka ya 1840.

KUIKAMUA KUVUMWANI

Pengine utauliza, kwa nini diatomu zikae ndani ya kuvumwani na zisikae ziwani? Ziwani zimo, na mitoni zimo. Lakini katika visiwa hivi kuvumwani imetanda kila mahali, nayo ni kama sifongo. Mvua ikinyesha huyanywa maji na kuyashika. Upepo ukivuma, katikati ya vijani vyake hubaki unyevu na utulivu. Kwa kiumbe cha seli moja, utando mwembamba wa maji juu ya kijani kimoja ni ziwa la kutosha.

Ila kuvumwani hazilowi sawasawa. Nyingine imezama ndani ya kidimbwi, nyingine imeshikilia mwamba mkavu unaopigwa na upepo. Mwaka 1936 Mjerumani mmoja aitwaye Jung, aliyekuwa akichunguza viumbe wa seli moja katika vinamasi vya kwao, alipanga ngazi nane za kupima unyevu huo. Chombo cha kupimia ni mkono wako. Ngazi ya kwanza, kuvumwani imezama majini. Ya tatu, maji hudondoka yenyewe bila kukamuliwa. Ya nne, hudondoka ukibana kidogo tu. Ya saba, ukikamua kwa nguvu hupata matone machache. Ya nane, hupati hata tone.

Watafiti wa Ubelgiji, Bart Van de Vijver na Louis Beyens, walitumia ngazi hizo kuchunguza kuvumwani za kisiwa cha Possession katika Crozet, na mwaka 2002 wao pamoja na Mfaransa Yves Frenot walichapisha kitabu kizima juu ya diatomu za kisiwa hicho. Kuvumwani ikishaletwa maabarani, huchemshwa na dawa kali kama hidrojeni peroksaidi mpaka kila kitu kiteketee isipokuwa magamba ya kioo. Kisha magamba huhesabiwa chini ya hadubini, mamia kwa mamia, sampuli baada ya sampuli. Mimi nilipewa kuhesabu hadi kumi nikaona muda mwingi!

Walichokiona ni kwamba kila ngazi ya unyevu ina jamii yake ya wakaaji. Diatomu za kuvumwani iliyolowa si zile za kuvumwani kavu. Spishi zinazovumilia ukavu, kama Pinnularia borealis na Hantzschia amphioxys, hukaa mahali ambapo nyingine zingekufa. Tena kuvumwani ya karibu na ufuo, inayorushiwa chumvi ya bahari na kurutubishwa kwa kinyesi cha pengwini na sili, ina wakaaji wengine kabisa. Hatua chache tu kutoka mwambani hadi kidimbwini, nawe umevuka mpaka wa nchi mbili.

JINA MOJA, VIUMBE WENGI

Sasa nifike kwenye kosa alilolisema mwalimu. Kwa muda mrefu wataalamu wengi waliamini kwamba viumbe wadogo namna hii hawana kwao. Ni wepesi, walisema, wanapeperushwa na upepo, wanabebwa na manyoya na miguu ya ndege, kwa hivyo wako kila mahali, na mazingira ndiyo yanayochagua nani atasitawi. Mholanzi Baas Becking aliieleza fikira hiyo mwaka 1934, nayo ikashika sana. Basi mtu akipata diatomu kisiwani Kerguelen, alifungua kitabu cha diatomu za Ulaya, akatafuta inayofanana nayo, akaipa jina hilo. Yakaisha.

Hapa niruhusu nikusimulie jambo langu. Nilipokuwa shule ya msingi tulikuwa wawili darasani wenye majina mamoja, la kwanza na la ukoo. Muhula mmoja ripoti zetu zikabadilishana. Nilipeleka nyumbani alama za mwenzangu, naye akapeleka zangu. Nilipojaribu kujitetea baba alisema, "Si jina lako hili?" Ningesema nini? Ni langu. Nilikaa wiki mbili bila kuruhusiwa kucheza mpira. Ukweli ulipojulikana hakuna aliyeniomba radhi. Niliambiwa tu, "Si mnaitwa jina moja?" Tangu hapo najua kwamba jina moja si mtu mmoja.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa diatomu. Karibu na mwisho wa karne ya ishirini na kuendelea, wataalamu kama Van de Vijver walianza kuzitazama upya, sasa kwa hadubini ya elektroni inayoonyesha kila kitundu cha gamba. Kumbe zile "za Ulaya" hazikuwa za Ulaya! Mistari ilitofautiana, vitundu vilitofautiana. Spishi moja baada ya nyingine ikapewa jina lake, nyingi zikiwa hazijaonekana popote pengine ila katika visiwa hivyo vya kusini. Mwaka 2014 hata jenasi mpya iliundwa, Humidophila, maana yake mpenda unyevu, ili kukusanya diatomu ndogo za mahali penye unyevunyevu ambazo zilikuwa zimewekwa kwingine. Na ile Pinnularia borealis niliyoitaja? Uchunguzi wa chembe za urithi uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba jina hilo moja linafunika spishi nyingi tofauti duniani.

Sababu si ngumu. Ni kweli upepo na ndege huzibeba. Lakini kuvuka maelfu ya kilomita na kufika hai si jambo la kila siku. Wachache waliofika zamani walitengwa na ndugu zao, wakaendelea kubadilika kizazi baada ya kizazi, mpaka wakawa wao wenyewe. Nyumbani ni nyumbani hata kama ni pangoni, na kwa hawa, nyumbani ni kijani kimoja cha kuvumwani.

KWA NINI TUJALI?

Kama viumbe hawa wangekuwa kila mahali, kupotea kwao kisiwani Marion kusingekuwa hasara, maana wangebaki Ulaya au Kenya. Lakini wakiwa wana kwao, wakifa kwao wamekwisha.

Nako kwao kunabadilika. Rekodi za kituo cha hewa cha Marion zinaonyesha kwamba kati ya mwisho wa miaka ya 1960 na mwisho wa karne hiyo, halijoto ilipanda kwa zaidi ya nyuzi 1, huku mvua ikipungua. Kerguelen, uwanda mkubwa wa barafu uitwao Cook ulipungua kwa karibu sehemu moja kwa tano kati ya mwaka 1963 na 2001. Unakumbuka ngazi nane za Jung? Mvua ikipungua, kuvumwani ya ngazi ya nne huteremka ikawa ya sita au ya saba, na wakaaji wake hawana pa kuhamia. Isitoshe, wageni huleta mbegu na vijidudu katika matope ya viatu vyao. Ndiyo maana watafiti wanaoshuka visiwani hutakiwa kusafisha viatu na mavazi yao kwanza.

Tena magamba ya diatomu ni kumbukumbu. Yakizama chini ya ziwa hukaa tabaka juu ya tabaka, na anayejua ni spishi gani hupenda unyevu gani anaweza kusoma hali ya hewa ya maelfu ya miaka iliyopita. Ila ukiwa umezipa majina yasiyo yake, utasoma uongo.

NILIPORUDI KWENYE TANGI

Likizo ya Agosti fundi aliletwa, akaubadilisha ule mfereji. Sisemi kwamba ni vibaya. Maji hayapotei tena, foleni imekuwa fupi, na hakuna anayeteleza. Lakini muhula wa tatu ulipofunguliwa nilipita nyuma ya tangi nikaona zulia limegeuka rangi ya kahawia. Nililibana kwa vidole. Hakuna tone. Ngazi ya nane.

Nilimwomba mwalimu, akaniruhusu kukiloweka kipande usiku mzima na kukitazama asubuhi kabla ya kengele. Safari hii sikuhesabu hadi kumi, nilikuwa peke yangu. Niliona magamba mengi matupu, meupe kama kioo. Baada ya muda mrefu nikaona mtumbwi mmoja tu wa rangi ya dhahabu, ukiteleza. Huenda ni wa aina ile ya kwanza, huenda ni aina nyingine inayovumilia ukavu. Niliuchora katika daftari langu, nikaandika tarehe na mahali, na pale pa jina nikaacha wazi. Rafiki yangu yule wa dawati aliuona mchoro. Hakucheka. Aliniuliza, "Na kule nyuma ya choo, kwenye ukuta ule mwingine, wapo wale wale?"

Hatujui. Ijumaa tutakwenda kukamua.

Naiweka kalamu yangu chini hapa. Mwaka ujao Mungu akipenda nitawaletea majibu.